Bilauri Juu ya Cherehani

Ilianza kwenye kigimbi cha kulia,
mguu ule unaokanyaga cherehani.
Nilikuwa nimelala. Mguu haukulala.
Chini ya ngozi kitu kikashona,
tuk, tuk-tuk, kikapumzika, tuk,
mshono mfupi wa mtu asiye na haraka,
nguo ya nani sijui, kwa uzi gani sijui.

Kwanza nikasema ni ardhi.
Hapa Goma mtu husema hivyo kwanza.
Mlima ukikohoa, kuta za mbao hujibu,
masufuria huongea kabla ya watu.
Nikamsukuma Asifiwe: Umesikia?
Akasema, Mama, kumetulia, lala.

Ndipo nikaanza kuweka bilauri.
Maji hadi ukingoni, juu ya cherehani,
tochi ya simu pembeni.
Maji yakitetemeka, ni dunia.
Yasipotetemeka, ni mimi.

Usiku kumi na mmoja maji yalinyamaza.
Usiku kumi na mmoja nilikuwa mimi.

Kikahamia jichoni, upande wa kushoto.
Mama Tulinabo, jirani, akafurahi kwa niaba yangu:
"Jicho likicheza hapo juu, uko na mugeni njiani."
Nikafagia. Nikaloweka maharagwe.
Mgeni hakuja. Labda alikwishafika
na alikuwa anabisha kutokea ndani.

Kisha vidole.
Sisimizi wakapanda kutoka kiganjani hadi kiwiko,
nikikung'uta mkono hakuna anayedondoka.
Sindano niliishika kama naazimwa na mkono wa mwingine,
na sare za watoto wa Ndosho ni arobaini na mbili,
kola nyeupe zote, shule inafunguliwa Jumatatu.

Habari ya mjomba Sekera sikumwambia mtu.
Kwake ulianza mchezo huu huu, kikombe kikateleza.
Baadaye kifungo kikamshinda, baadaye kijiko,
baadaye jina langu.
Basi kila alfajiri najipima:
pasi ya makaa, nainyanyua kwa mkono mmoja,
nahesabu hadi thelathini,
nasimama kwa ncha za vidole mlangoni
kama mmbea anayechungulia ua wa jirani.
Nguvu ipo. Naiamini mpaka saa nne.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi Muhindo
akanigonga goti kwa kinyundo cha mpira.
Mguu ukaruka, mtiifu, kama haunijui.
Akachukua damu, akaandika, akafuta, akaandika.
"Hatuone kitu. Uko unalala?"
Nalala.
"Kahawa?"
Kidogo.
"Na ile mwaka ya volkano, mulikimbilia wapi?"
Sake, nikasema. Kwa miguu.
Hilo hakuliandika.
Akanipa vidonge vya rangi ya waridi, franka elfu tatu,
na neno "mishipa", nikalibeba nyumbani
kama mtu aliyepewa ufunguo bila kuonyeshwa mlango.

Hatuone kitu.
Kitu mimi pia sijakiona. Kiti chake nakiona,
kiko wazi hapo, kila usiku nakipanguza.

Jana, saa nane za usiku, nilikuwa macho,
mkono juu ya paja, nasubiri tuk.
Bilauri ikaanza kuimba.
Maji yakachora duara, yakamwagika juu ya kola,
mabati yakagonganisha meno,
watoto, mbuzi, redio ya mtu, wote nje,
pekupeku juu ya mawe meusi,
Mama Tulinabo akiita majina ya wanawe,
walio hai na wale wengine,
nami katikati yao nacheka,
nacheka mpaka nikakaa chini.
Asifiwe akanishika bega: Mama, uko na nini?

Ningemwambiaje?
Kwamba kwa dakika nzima ilikuwa dunia,
dunia tu, sote pamoja,
na mwili wangu ulikuwa umetulia kabisa.

Leo nimeanika kola. Mbili zimebaki na doa.
Bilauri nimeijaza upya.
Kigimbi kinashona.