Peni Kumi kwa Kila Mpira

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumamosi,
ukungu haujaamua kuondoka bondeni Harrowbeck,
na dohani ya kiwanda cha sufu, kilichofungwa nikiwa kijana,
imesimama kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani.
Iffat anafunga pedi. Ana miaka kumi na mitatu.
Ameapa atapiga mpaka jua lizame,
na Juni, huku kaskazini kwetu,
jua ni mgeni asiyejua kuaga.

Mimi kazi yangu ni penseli.
Mwaka wa thelathini na moja huu naandika alama za klabu:
nukta kwa mpira usiozaa,
tarakimu kwa uliozaa.
Leo hata nukta inazaa.
Peni kumi kwa kila mpira, wametia sahihi
wadhamini arobaini na watatu:
mwoka mikate, daktari wa meno,
mjane wa mchinjaji, na padri mpya kutoka Polandi
aliyeuliza mara mbili kriketi huisha saa ngapi,
tukamjibu kwa haki kwamba hatujui.

Tunatafuta pauni elfu tisa.
Nyavu zimetoboka, mpira hupita
kama mbuzi kwenye ua bovu.
Paa linavujia birika la chai.
Na Tamsin, kocha wa watoto,
tangu Pasaka analipwa ahadi na keki ya tangawizi.

Wanakuja kurusha, mmoja mmoja.
Nadeem, katoka zamu ya usiku,
anarusha ishirini, teksi yake ikinguruma getini.
Mapacha wa Sugden wanarusha popote, hata kwangu.
Mvua. Tunangoja. Mvua inachoka kabla yake.

Alasiri namwona Percy Ormondroyd nyuma ya ukuta wa mawe.
Mwaka tulipopokea wasichana
aliapa hatakanyaga tena nyasi hizi,
na kiapo cha mtu wa bonde hili
ni kama doa la chai kwenye kitambaa cheupe.
Anatazama. Anatazama tena.
Kisha anavuka ukuta, mguu mmoja, goti likilalamika,
ananyosha mkono bila kumwangalia mtu,
nami nampa mpira.

Ulikwenda polepole, ukipepea,
ukagusa chini, ukageuka kama neno la mnafiki.
Wiketi ya kati ikalala.
Hakuna aliyepiga makofi. Hatukujua tupige ya nani.
Percy mwenyewe alikwenda kuisimamisha,
akaishindilia kwa kisigino.
"Umetoka," akamwambia. "Sasa simama vizuri, turudie."
Alimrushia mipira sitini na miwili.
Niliihesabu yote. Sikuandika machozi ya mtu;
kitabu changu hakina safu hiyo.

Saa nne kasorobo usiku jua likakubali.
Mipira elfu moja mia nne na kumi na miwili.
Doreen, mweka hazina, anayeweza kukamua sarafu kwenye jiwe,
alijumlisha juu ya kaunta, midomo ikienda:
elfu sita na sabini na moja, na peni sitini.
Bado. Basi mabishano yakaanza,
nyavu kwanza au paa, paa au Tamsin,
na sauti zikapanda kama maziwa jikoni.

Iffat alikuwa ameketi sakafuni,
viganja ndani ya beseni la maji baridi.
"Kile chumba chetu," akasema,
"mlango utawekwa kitasa?"

Chumba chao ni banda la mashine ya kukata nyasi.
Wasichana hubadili nguo kati ya madebe ya petroli
huku mmoja akizuia mlango kwa mguu.
Misimu minne. Nami, mwandishi wa kila kitu,
sijawahi kuandika mguu ule.

"Kitasa bei gani?" Doreen akauliza, chini kwa chini.
Mtu akasema, pauni kumi na mbili.

Nikapiga hesabu pembeni mwa ukurasa.
Mipira mitatu.
Alikuwa ameshaulipia
kabla ukungu haujaondoka.