Mkunja Miavuli

Kiswahili hiki nilikabidhiwa stoo, pamoja na buti,
blanketi la kijivu na kijiko kimoja.
Nikatia sahihi.
Buti ziliisha. Blanketi tulimzikia mama.
Lugha imebaki, na mke wangu haitaki nyumbani:
anasema ndiyo iliyogonga mlango wa kaka yake usiku,
ndiyo iliyowashusha watu kwenye mabasi.
Simbishii.

Ila Jumamosi ya kwanza ya Agosti
naendesha baiskeli kutoka Ngora hadi Soroti,
nyuma ya soko, kwa Bi Asekenye mpika ajono,
na kwa saa nne nasema Kiswahili.

Tuliwahi kuwa kumi na tisa kwenye chungu hiki.
Leo watatu. Ekwaru, aliyebakiza jicho moja.
Candia, aliyelala njiani tangu Arua, miguu imevimba.
Na mimi, wanayeniita Fundi.
Kila mtu anaukagua mrija wake, anaupuliza, anauchovya.
Ungetutazama kutoka juu ungeona mwavuli uliopinduliwa:
chungu ndicho kitambaa, mirija ndiyo kamba,
na wazee wananing'inia kwenye ncha.

Candia huanza, kila mwaka palepale:
taa nyekundu, taa ya kijani,
mkono wa afande mgongoni.
"Hakusukuma," anasema. "Alikukumbusha tu."
Ekwaru naye na upepo wake, uliomtupa shamba la wimbi;
mwanamke aliyekuwa akipalilia hakukimbia,
alimchapa mpini wa jembe begani,
kisha akamuuliza kama ametumwa na Mungu
au na watu wa kodi.
Tunacheka. Bi Asekenye anacheka pia, ingawa haelewi neno.

Mimi niliruka mara saba, nikashonewa mabawa, basi.
Kazi yangu ilikuwa meza,
ndefu kuliko nyumba ya baba yangu, ghalani, dirisha moja.
Kutikisa vumbi. Kunyoosha. Kamba kushoto, kamba kulia.
Kukunja kama unayemfunga mtoto mgongoni
bila kumwamsha.
Mwishoni kadi: namba, tarehe, jina la mkunjaji.
Jina langu lilishuka kutoka mawinguni
mara elfu moja mia mbili na kitu.
Mara moja lilishuka vibaya.

Lomongin, wa Moroto.
Hakuwa amepanda hata lori kabla ya jeshi.
Tulitazama juu, mikono usoni kwa ajili ya jua:
maua yakachanua, moja, jingine, jingine, hadi kumi na moja,
na doa moja likakataa kuwa ua.
Kadi waliichomoa ikiwa safi.
Niliujua mwandiko kabla sijausoma.

Uchunguzi, wiki mbili.
"Mkunjaji hana kosa," wakasema, wakanirudisha mezani.
Walichokiona hawakunionyesha, nami sikuomba.
Siku hizi nashona nguo. Shati la mteja
nalikunja, nalikunjua, nalikunja tena.
Wateja wanadhani ni unadhifu.

Jina lake halitajwi kwenye chungu. Ni kama amri,
ingawa hakuna aliyeitoa.
Leo Ekwaru, bila kuinua kichwa:
"Fundi. Begi lile lilikuwa langu.
Mkanda ulinibana bega, lile lililopigwa jembe.
Tukabadilishana, tukiwa tumeshapanga mstari."
Candia akaacha kunyonya.
"Miaka hamsini na kitu nazaa watoto
kwa siku za mtu mwingine."

Nilitafuta neno. Jeshi lilinipa ya kupanga mstari,
ya kuruka, ya kutua, ya kuomba ruhusa.
La hili halikuwepo stoo.

Bi Asekenye akaongeza maji ya moto. Kimea kikapanda.
Mrija wa Ekwaru ulikuwa umeziba; anautikisa, anaupuliza, wapi.
Nikautoa wangu, nikampa.
Hakuukagua.
Akanywa.