Safu ya Nne

Safu ya nne ya fomu ni nyembamba kama ukucha.
Yataka namba ya kiwango, basi:
kila kifaa kitaje sheria iliyokizaa.
Haydn wa ofisini, ambaye hajashika bisibisi tangu arusi yake,
ananiambia kwa simu: "Nerys, jaza sita-sifuri-nane-tisa-nane
kotekote, tumalize. Nani atasoma?"

Nitasoma mimi.

Nimepiga magoti chini ya ngazi za Bi Eluned Prosser,
Aberdare, Jumanne, mvua yabisha mlango bila kuitikiwa.
Umeme nimeuzima. Tochi iko mdomoni.
Kabati lanuka dawa ya viatu
na ukanda wa mbwa aliyekufa kitambo.
Mbele yangu sanduku la bakelaiti, rangi ya chai iliyosahaulika,
vishikio vinne: kimoja chekundu, kimoja cha buluu, viwili vyeupe,
na pembeni breka moja ngeni, ya bafuni, imejibanza
kama mkwe siku ya kwanza.

Nianze na huyo mgeni.
Sita-moja-sifuri-sifuri-tisa.
Nasogeza tochi, nasoma tena ile tisa,
maana ndugu yake aishiaye nane
huhesabu tu kinachotoka na kinachorudi;
mzigo ukizidi, yeye halimhusu.
Huyu wa tisa hukaba pande zote mbili.
Kosea tarakimu moja, na umemwandikia mwenye nyumba
mlinzi ambaye hajaajiriwa.

Vishikio navyo nawajua ukoo wao kwa mbali:
tatu-sifuri-tatu-sita, fyuzi za kufungwa upya kwa mkono.
Nyekundu thelathini, buluu kumi na tano, nyeupe tano.
Ila rangi ni shahidi wa kusikia.
Nafuta vumbi kwa mate na kidole gumba
mpaka chapa inajitokeza, herufi mbili, kisha namba,
na ndipo naandika.

Nyumba njema si mlango.
Nachomoa cheupe cha kwanza: waya mwembamba, unywele wa mtoto. Sawa.
Nachomoa cha pili, cha taa za juu,
na humo ndani umelala waya mnene, umekazwa vizuri,
ncha zimekunjwa kwa adabu kuizunguka skrubu.
Thelathini, ndani ya shati la tano.

"Ni Emrys huyo," Bi Eluned asema nyuma yangu.
"Krismasi ile taa zilikuwa zinakatika, wajukuu wanalia."
Analeta kadi ya waya kutoka droo ya vijiko,
matundu matatu, unene mara tatu,
na mwandiko wa marehemu kwa penseli: TAA,
mshale ukielekea tundu lisilo lake.
Miaka thelathini na moja alishuka mgodini
na hakuwahi kushuka bila kuikagua taa ya kofia.

Safu ya nne haibadiliki: tatu-sifuri-tatu-sita.
Kishikio hakikudanganya jina lake.
Safu ya tano ndiyo inayonichoma mkono.
Naandika: usoni tano, ndani thelathini.
Kwenye maoni: hatari inayoweza kutokea; imerekebishwa mbele ya mwenye nyumba.
Kwa fyuzi ya shirika, iliyofungwa kwa lakiri ya risasi, naandika: sikuthibitisha.
Haydn atanung'unika. Anung'unike.

"Utaandika jina lake?" auliza.

Nageuza karatasi, mbele na nyuma, nimwoneshe.
Hakuna safu ya aliyefunga.

Nafunga waya wa tano. Nainua swichi kuu.
Juu, chumbani, redio inaendelea na sentensi
ambayo hakuna aliyesikia mwanzo wake.
Bi Eluned ameketi kwenye ngazi ya tatu,
ameshika ule waya mnene, anaunyoosha kwa kucha,
kisha anauzungusha polepole kwenye kadi,
tundu la thelathini,
hadi mwisho.