Mizani

Kitabu kilifika Doho bila jalada.
Crisanto alikisahau juu ya gunia la mbegu,
yule mtaalamu wa mpunga kutoka Ufilipino
aliyetufundisha kupanda kwa kamba,
akarudi kwao na malaria na kofia ya mke wangu.

Mimi ni karani wa kinu. Naitwa Hisa;
wanunuzi wa Busia hucheka, huuliza nauzwa bei gani.
Kiswahili nilikipata kwa baba, kuli wa reli Tororo.
Hapa watu hukiogopa: lugha ya kambi, wanasema,
lugha ya kuamriwa ulale chini.
Mimi nilikitumia kubishania kilo,
basi,
mpaka msimu huu.

Hadithi kumi na moja, waandishi kumi na mmoja.
Panya wamekula majina yao, wameacha herufi za mwanzo.
Wameandika kwa Kiingereza,
lakini walipofika kwenye chakula Kiingereza kikawaishia.
Kina neno moja tu, maskini,
la shambani, la guniani, la sahanini.
Wakalisukuma kando, wakaandika yao.
Palay, wakasema. Nami: mpunga.
Bigas. Mchele.
Kanin. Wali.
Tutong, na kijiko changu kikakwaruza ukoko.
Bahaw, nikaona kiporo cha asubuhi na chai ya rangi.
Niliinuka kitini.
Kinu kilikuwa kinanguruma, hapakuwa na wa kumwambia.

Kuna ile ya msichana wa kisiwa cha mashariki:
shuleni anatozwa senti kwa kila neno la nyumbani.
Nyanya yake anapokufa anauza yai,
ananunua maneno matano ya kumzikia.
Matano. Mwandishi hatuambii ni yapi.
Nilikifunga kitabu, nikatoka nje kufukuza ndege
ambao hawakuwepo.
Mimi, pale Nabiganda, nilivaa mfupa wa ng'ombe shingoni
muhula mzima, kwa kosa la Kinyole.
Nilidhani mfupa ni wa kuvaliwa tu.
Sikujua unaweza kuandikwa.

Sasa haki itendeke, maana karani hapimi kwa mapenzi.
Hadithi ya tatu ina unyevu;
ningeianika siku mbili zaidi, machozi yamezidi harusi.
Ya saba ina chenga nyingi, ila chenga ndizo zenye utamu kwenye uji.
Ya tisa, ya dhoruba iliyobeba paa na kuacha kitanda
na mzee juu yake akisoma barua,
hiyo sikuipima.
Niliisoma mara nne, magunia ya Logose yakanisubiri mlangoni,
naye Logose akanitukana kwa lugha tatu,
zote nzuri.

Yote haya nimeyaandika katika daftari la kinu,
safu ya mwisho, ile ya Maoni,
ambamo kwa miaka kumi na miwili
nimeandika: safi, chafu, safi, mawe.

Baba alikuwa na mizani nyingine.
Jioni, buti zikiwa bado miguuni,
alihesabu silabi kwa vidole vyenye grisi,
nane kushoto, nane kulia,
na mstari ukipungua alirudi kuuongeza
kama mtu anayeogopa kuibiwa.
Leo nimejaribu, kwa punje badala ya vidole:

Mwandishi wa visiwani, nimekupima kwa haki,
Punje yenu kiganjani, na yetu, hazitengeki,
Na ukoko wa chunguni, popote haumwagiki,
Njoo ukae mekoni, kiporo hakisusiki.

Nimehesabu mara mbili. Zimetimia.
Sijui posta ya kwao inaanzia wapi,
wala bahasha iandikwe jina gani,
labda: R., nusu ya pili imeliwa na panya.
Lori la Busia linapiga honi.
Nalifunika daftari,
punje thelathini na mbili zinabaki mezani,
na kuku wa Logose, asiyesoma,
ameshapanda kiti.