Lina Kusimama?

Nilifika gereji Nyakato na picha kwenye simu:
kalipa nyekundu, pistoni sita, diski zenye matundu
kama chujio la chai. Bei ya ng'ombe watatu.
Nifungie hizi, nikasema.
Nyanzobe alikuwa chini ya Noah ya mtu,
inaonekana miguu tu,
kandambili moja ya bluu, nyingine ya kijani.
Kwanza niambie, akasema, lilishindwaje kusimama.

Sikuwa nimemwambia kuwa lilishindwa.
Mwanza ni mji wa mawe, lakini maneno hupenya.

Basi nikaeleza. Jumapili, nateremka kuja Nyegezi,
tabo inapiga mluzi, mimi na mluzi huo tunaelewana.
Breki ya kwanza, nyuma ya lori la mchanga: sawa.
Ya pili, bodaboda kakatiza: sawa.
Ya tatu tuta, ya nne punda,
ya tano mguu ukazama
kama nimekanyaga tope la mpunga.
Pedali sakafuni. Gari likaendelea na safari yake.

Lilisimama kwa gia, kwa handibreki, kwa jina la Mungu,
juu ya turubai la Mama Nyangeta,
madebe mawili ya dagaa yakawa unga.
Hakupiga kelele. Alilizunguka gari mara moja,
akatazama egzosi pana kama sufuria,
akauliza kama anayeuliza bei:
Hili lina mbio. Lina kusimama?

Nyanzobe akatoka chini ya Noah.
Hakucheka. Ningependa angecheka.
Alifungua kikopo cha oili ya breki,
akavuta kidogo kwa bomba la sindano, akainua juani:
rangi ya chai iliyolala.
Ulibadilisha lini?
Nikanyamaza. Nimewahi kubadilisha rimu.
Nimewahi kubadilisha redio.

Oili hii ina kiu, akasema.
Hunywa unyevu wa hewani, hata gari likiwa limelala.
Unalilaza wapi?
Kapripoint, nikajibu, kwa kujivuna kidogo, ukingoni kabisa.
Basi ziwa limeingia.
Ukilipasha moto linachemka,
likichemka ni mvuke,
na hakuna aliyewahi kuegemea mvuke.

Tangu utotoni naliogopa ziwa kwa mawimbi yake.
Sikujua linaweza kuningoja ndani ya kikopo.

Akapanga vitu juu ya gunia:
oili mpya, inayovumilia moto;
hosi zilizosukwa waya, zisizofura;
pedi ngumu kiasi. Siyo zile za mashindano, akasema,
zinataka ziungue kwanza ndipo zishike.
Utazipashia wapi, foleni ya Igoma?
Diski zako nzima, zitachongwa uso tu.
Halafu tairi. Breki husimamisha gurudumu.
Gari husimamishwa na tairi.

Na zile nyekundu?
Hazitaingia kwenye rimu zako.
Utanunua rimu nyingine, kisha mbele kutashika
nyuma kukibaki kunashangaa.
Ukitaka nyekundu, rangi ninayo.

Nikawaona ng'ombe wawili wakirudi zizini.

Alfajiri tulikwenda barabara ya Kisesa.
Alivua ile kandambili ya kijani, akaiweka lamini, alama.
Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.
Ya tano nilibana pumzi.
Pedali ikabaki juu, fupi, ngumu
kama jibu la mama mkwe.
Mara ya kumi, pedi zinanuka upya wake,
tairi likasimama shibiri moja kabla ya kandambili.
Nyanzobe akaivaa. Twende, akasema, nina Noah ya mtu.

Kurudi nilipitia Nyegezi.
Nilisimama mbali na turubai, taratibu, bila mluzi,
nikashusha kioo ili nionekane nimesimama.
Mama Nyangeta alikuwa anageuza dagaa.
Naona, akasema.
Kisha akalishika turubai kwa pembe mbili
akalisogeza hatua moja zaidi kutoka lamini.