Sare

Kabati lilikataa kufungwa.
Nililisukuma kwa goti, kwa nyonga, kwa bismillahi,
mlango ukarudi ukanipiga kifuani
kama mdai aliyechoka kuambiwa kesho.

Basi nikaketi sakafuni, Magomeni, Jumapili,
umeme umekatika, feni imenyamaza,
na vitenge kumi na moja vimelala kitandani,
kila kimoja kimetoka usiku mmoja tu.
Hiki cha mikia ya tausi: kicheni pati ya Mwajabu.
Hiki cha njano: sendofu ya Eliwaza,
niliyemjua kwa jina, sura nikaionea ukumbini.
Hiki cha zambarau: harusi ya Nusura.
Ndoa ilidumu miezi minane.
Kitenge hakijachuja hata kidogo.

Elfu hamsini kitambaa, thelathini fundi,
kilemba juu yake, na "mwenzetu usituangushe."
Nilikopa kikoba nikanunua kufanana.

Baba alikuwa na mashati mawili ya kazi,
moja mwilini, moja kambani.
Kola ikichakaa ilifumuliwa, ikageuzwa,
upande uliojificha miaka mitatu
ukaenda bandarini Jumatatu kama mgeni.
Hatukuwa na jina la jambo hilo.
Mama alisema tu, "Leteni sindano."

Na Aprili ile, maji yalipoondoka Jangwani,
niliona nguo zimenasa kwenye nguzo za daraja,
mikono ya mashati inapunga, inapunga,
suruali zimejaa tope kama miguu.
Nikatafuta kwa macho kama zangu zimo.
Sikuwa na hakika kwamba hazimo.

Simu ikatetemeka. Kamati.
Harusi ya Tumsifu, rangi ni "dhahabu iliyopoa,"
mwisho wa kulipia Ijumaa,
asiyelipa tutamjua.
Vikatuni vitatu vya kucheka. Mikono ya dua.

Nikafunga furushi. Kwa Fundi Pazi, nyuma ya soko,
kijana wa miaka ishirini na sita, cherehani ya kurithi.
"Niunganishie vyote viwe gauni moja."
Akanitazama kama nimemtukania mama.
"Dada, mkiacha sare mimi nitakula nini?"
Swali la haki. Nikakaa nalo kwenye benchi,
nikaangalia chupa yake ya chai, tupu,
na vipande vya dhahabu iliyopoa vimeshaanza
kujaa miguuni pake.
"Kufumua ni bei gani?"
"Kufumua ni kazi kuliko kushona."
"Basi nitoze kufumua."
Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Akachukua wembe.
Siku nne. Laki moja na ishirini, hapunguzi.
Ghali kuliko sare. Nikalipa.

Ukumbini Sinza meza zote zilimeta,
mimi nikaingia kama barua yenye stempu nyingi.
Mshereheshaji akasita. Mwenyekiti wa kamati
akanipeleka meza ya nyuma, karibu na masufuria,
ambako, niwaambieni, pilau hufika kwanza.

Ndipo akaja Nusura, sahani mkononi,
peke yake, akasimama. Akanishika mkono wa kushoto
pale zambarau inapokutana na mikia ya tausi,
akapapasa mshono kwa kidole kama anayesoma.
"Hiki si changu?"
"Chako."
Muziki ulikuwa mkubwa. Akakaa.
"Mimi changu nilikichoma," alisema,
kisha baadaye sana, nyama imeshapoa:
"Kilibaki kipande?"