Sarafu Kumi na Mbili

Saa tisa za usiku Vinhais imelala,
ila tanuri la mkate, na mimi ninayeliendea
kutoka bondeni, juu ya pikipiki ya kaka:
mia tano, silinda mbili, ya mwaka tisini na sita.
Adérito aliiacha chini ya turubai
alipokwenda Luksemburgi kumwaga zege.

Kwenye mpando wa baada ya daraja
ilikohoa kama mvutaji.
Gia ya tano inakataa, ya nne inanung'unika,
lori la viazi linanipita,
na dereva ananipungia mkono kwa huruma.
Huruma hiyo ndiyo iliyoniuma.

Binamu Valdemar, mjuzi wa mambo asiyoyalipia,
akasema: Deolinda, uza chuma hicho.
Au funga ekzosi ya kelele, angalau utasikika.
Nikahesabu kopo la chumvi:
euro mia moja themanini na tatu.
Kelele peke yake ni mia tatu.

Nikaanza na breki. Wakacheka:
unataka mbio, unanunua kusimama?
Pedi mpya, na mpira uliovikwa waya,
sitini na nne zikaenda.
Lakini ajuaye atasimama wapi
hukawia kuachia mafuta kabla ya kona,
na kukawia huko ni mwendo wa bure.

Kisha kabureta, juu ya meza ya unga.
Ndani, petroli ya miaka sita imegeuka utomvu,
kahawia, kama sukari iliyoungua.
Tundu la jeti, sindano haipiti.
Nikatazama ukutani: gitaa la Adérito.
Nikakata uzi wa kwanza,
ule mwembamba unaolia juu.
Mungu anisamehe.
Ulipita.

Filta na plagi, ishirini.
Cheni na sproketi ya mbele, hamsini na tatu.
Sproketi yenye jino moja pungufu. Jino moja tu!
Kasi ya mwisho imepotea kidogo,
lakini nani anaidai kwenye barabara hizi za nyoka?
Anayenidai ni mlima.

Stendi kubwa na keria nikaving'oa,
nikavipima kwenye mizani ya mkate:
kilo nane na robo.
Mizani ikabaki tupu, ikinitazama.
Nikaiambia: siku nyingine.

Springi za mbele zilikuwa zimechoka,
pua ikizama kila niguse breki,
na springi mpya hazimo koponi.
Nikamwaga oili ya zamani, nyeusi, yanuka samaki,
nikatia nzito, euro kumi na nne,
na juu ya kila springi nikapanga eskudo sita
kutoka droo ya mama.
Hela iliyokufa, isiyonunua hata njiti ya kiberiti,
leo inanibeba kona kwa kona
bila riba.

Haba na haba, wanasema. Kweli.
Ila hawasemi vidole vyangu vilikuwaje,
wala mikate niliyounguza Alhamisi ile
nikiwaza valvu.

Zilizobaki, thelathini na mbili, nikazinywesha tangi.

Usiku huo lori lilikuwepo, viazi na taa nyekundu.
Nikashuka gia moja, nikafungua.
Haikuruka. Ilipanda tu, kwa pumzi moja,
mpaka nikawa sawa na dirisha la dereva,
na safari hii
mkono uliopunga ni wangu.

Agosti Adérito akaja, na chokoleti, na kitambi.
Akaizungusha hadi mpakani, akarudi macho yana machozi.
Upepo, akasema.
Kisha: haikuwa hivi ilipokuwa yangu.
Akaangua gitaa ukutani, akapapasa nyuzi:
mbili, tatu, nne, tano.
Akaninyamazia.

Nikamrushia ufunguo tena.
Nenda hadi darajani, nikamwambia, upande,
usikilize vizuri.